Bi Kinue na Presha za Watu Wenye Adabu

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuwafunga watu mkanda mkononi na kuwaamuru wanyamaze, Bi Hatakeyama Kinue, muuguzi wa afya ya jamii wa Halmashauri ya Mji wa Kamihata, anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Kuanzia Aprili mosi meza yake, ile iliyo jirani na jiko la mafuta ya taa, itakuwa wazi. Tayari watu watatu wa Idara ya Afya wameanza kununiana kwa ajili yake.

Jarida la watumishi limeniomba mimi niandike wasifu huu. Mimi ni Narita wa kitengo cha magari. Wangeweza kumwomba daktari, au mkuu wa idara ambaye ana maneno mazuri na tai ya kuyasemea. Nadhani walinichagua kwa sababu nimemwendesha Bi Kinue kwa miaka ishirini na miwili, na mtu uliyekwama naye kwenye theluji unamfahamu kuliko mtu uliyekaa naye kwenye vikao. Najua, kwa mfano, kwamba huimba njia nzima, na kwamba hakuna wimbo hata mmoja anaoujua hadi mwisho.

Bi Kinue ni binti wa fundi wa mapipa. Marehemu baba yake alitengeneza mapipa ya mbao ya kuchachushia figili na miso, ile rojo ya soya yenye chumvi, na fedha za mapipa hayo ndizo zilizomsomesha uuguzi. Alipohitimu akaajiriwa kwetu, na tangu siku hiyo hadi leo ametumia nguvu zake zote kupigana na kilichomo ndani ya mapipa. Baba yake alipoulizwa binti yake anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, “Ananiharibia soko.” Alisema hivyo kwa fahari kubwa.

Wakati anaanza kazi, mji huu ulikuwa na desturi moja mbaya. Kila majira ya baridi watu wazima walianguka kwa kiharusi, mmoja chooni, mwingine bafuni, mwingine mlangoni akiwa na koleo la theluji mkononi, na wengine tukasema ni baridi imemchukua. Bi Kinue alikubali kwamba baridi ina lake, maana mishipa hujikunja mtu anapotoka kwenye joto la blanketi na kuingia bafu lenye barafu. Lakini akasema baridi ina mshirika wake, na mshirika huyo tunamla asubuhi, mchana na jioni, tena tunaongeza.

Somo lake la presha nimelisikia mara nyingi hata naweza kulitoa nikiwa usingizini. Hulitoa kwa mfano wa mabomba ya barabarani, yale yanayorusha maji kuyeyusha theluji. Pampu ikisukuma, maji hubana kuta za bomba kwa nguvu, na hiyo ndiyo namba ya juu. Pampu ikitulia kidogo kabla ya kusukuma tena, bomba bado lina maji na bado linabanwa, na hiyo ndiyo namba ya chini. Moyo hufanya vivyo hivyo. Ukila chumvi nyingi, mwili unazuia maji, mabomba yanajaa, na siku moja bomba linapasuka, na hakuna fundi wa halmashauri atakayekuja kuliziba.

Upinzani haukukosekana. Katika kitongoji cha Tochizawa, kule juu kabisa barabara inakoishia, alikuwepo Mzee Kumagai Tokuji, mkulima wa mpunga na bingwa wa kubisha. Mzee Tokuji alikuwa na hesabu yake aliyorithi kwa wazee.

“Nesi, mimi nina miaka sabini na miwili,” alimwambia. “Ongeza tisini. Presha yangu ina haki ya kufika mia sitini na mbili, na hapo bado sijavunja sheria.”

“Mishipa yako haijui siku yako ya kuzaliwa, mzee,” akajibu Bi Kinue. “Inajua tu kwamba inaumizwa. Nyumbani ukiwa umetulia, ukiona mia na thelathini na tano kwa themanini na tano kwenda juu, siku baada ya siku, hiyo imezidi. Uwe na arobaini au uwe na tisini.”

“Na hospitali?”

“Hospitali tunakuongezea kidogo, mia na arobaini kwa tisini, kwa sababu kule unaogopa.”

“Mimi simwogopi mtu.”

“Basi mbona umeficha mkono?”

Mkewe Mzee Tokuji, Mama Yone, alicheka hadi akalazimika kuweka birika chini. Kisha, kama ilivyo ada, akaleta figili. Hapa sina budi kusema ukweli kuhusu mstaafu wetu. Kwa kila nyumba aliyoingia kuhubiri habari ya chumvi, aliletewa chai, na pamoja na chai sahani ya figili zilizokaushwa kwa moshi juu ya moto na kuchachushwa kwa chumvi. Kukataa chai ya mtu huku kwetu ni kama kumwambia nyumba yake inanuka. Kwa hiyo Bi Kinue alikula. Alikula nyumba kwa nyumba, na mahubiri yalitoka mdomo umejaa. “Hii haina chumvi nyingi,” Mama Yone alikuwa akisema, na mimi niliyekula kipande kimoja tu nilikunywa maji hadi tunarudi mjini.

Yapo mengine ya kusimulia. Mwenyekiti wa Tochizawa, Mzee Oikawa Heikichi, mjane mtanashati, alikuwa na presha nzuri sana kila alipojipima mwenyewe, lakini Bi Kinue akimfunga mkanda ilipanda ghafla. Bi Kinue alilifanyia uchunguzi jambo hili kwa makini. Alinituma mimi nimpime badala yake, na presha ikashuka papo hapo. Akaandika kwamba mgonjwa hupatwa na hofu ya mavazi ya kazi, na akaanza kwenda kwake akiwa amevaa sweta la nyumbani. Presha ikapanda zaidi. Kitongoji kizima kilijua maradhi ya Mzee Oikawa ni yapi, isipokuwa mtaalamu.

Kisha halmashauri ikanunua mashine za presha, kila nyumba ya Tochizawa ikaazimwa moja. Bi Kinue aliwafundisha matumizi yake kama anayefundisha sala. Upime asubuhi ndani ya saa moja baada ya kuamka, umeshakwenda chooni, hujala wala hujameza dawa. Ukae, utulie kwa dakika moja au mbili, mkanda uwe usawa wa moyo, wala usiongee. Jioni upime tena kabla ya kulala. Usiogope namba moja mbaya, wala usijivunie namba moja nzuri, maana presha hupanda na kushuka na kinachosema kweli ni mwenendo wa siku nyingi. Kila Jumanne walikutana ukumbini, wakazunguka jiko, na kila mtu akataja namba zake kwa sauti ili wengine wajifunze.

Hapo ndipo adabu ilipoingilia kati. Desturi inataka mwenyekiti aanze, na Mzee Oikawa alianza. “Mia na ishirini na sita kwa sabini na nne,” akasema, na ilikuwa kweli tupu. Aliyemfuata akafikiri kidogo. Kutaja namba ya chini kuliko ya mwenyekiti ni kujitia kimbelembele. Kutaja ya juu sana ni kuwasumbua watu na kumvunja moyo Nesi aliyepanda mlima kwenye theluji. Akasema mia na ishirini na nane. Wa tatu akasema mia na ishirini na nane. Wa nne, akajisikia jasiri, akasema mia na thelathini. Mzee Tokuji, bingwa wa kubisha, aliinamisha kichwa na kusema mia na thelathini, na Mama Yone akasema yake ni kama ya mumewe.

Ikawa hivyo Jumanne baada ya Jumanne. Takwimu zilipofika mkoani, wakubwa walistaajabu. Kitongoji cha wazee, kilichojaa mapipa ya chumvi, kilikuwa na presha za vijana wa riadha. Wakaleta cheti chenye muhuri mwekundu, tukapigwa picha mbele ya ukumbi. Bi Kinue yumo katikati, amefumba macho kwa kucheka. Ilikuwa sherehe nzuri, na watu wa Tochizawa walifurahi kwa niaba yake kuliko alivyofurahi mwenyewe.

Februari ya mwaka uliofuata, miaka tisa iliyopita, Mzee Tokuji alianguka mlangoni pake akizoa theluji. Jirani alimwona akijaribu kuinuka kwa upande mmoja tu. Helikopta ya wagonjwa haikuweza kuruka kwa theluji, likaja gari la wagonjwa nyuma ya gari la kusukuma theluji, polepole mno. Alifika hospitali akiwa hai, lakini mkono wa kulia haukumtii tena na maneno yalimtoka yamepinda.

Tulimkuta Mama Yone kwenye korido. Aliposimama kutuinamia, Bi Kinue alimshika mabega.

“Jumanne alisema mia na thelathini,” Bi Kinue akasema. “Yone, aliniambia mia na thelathini.”

“Asubuhi ile mashine ilisema mia tisini na sita,” Mama Yone akajibu. “Na juzi yake vilevile. Aliniuliza, nitasemaje kwa watu? Nikamwambia, baba, Nesi wa watu amepewa cheti kwa ajili yetu. Usimtie aibu.”

Mama Yone akawa anamfariji yeye, anampigapiga mgongoni, kana kwamba mwenye mgonjwa ni Nesi. Nimeyaona mengi katika kazi hii, lakini picha ile bado inaniuma. Mficha maradhi kilio humfichua, tunasema, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuyaficha kwa wema. Tuliporudi, Bi Kinue hakuimba. Nilitamani aimbe, hata kwa makosa.

Jumanne iliyofuata watu walikaa kuzunguka jiko, pengo la Mzee Tokuji likiwa wazi. Mzee Oikawa alikohoa, tayari kuanza. Bi Kinue akamwomba radhi na kusema leo ataanza yeye. Akavua sweta, akajifunga mkanda mbele ya wote, akatulia, akabonyeza. Ukumbi mzima ulisikiliza mashine ikivuta pumzi. Ilipomaliza, aliigeuza kioo chake kiwaelekee watu, kisha akanyoosha shingo kusoma pamoja nao.

Mia sitini na nane kwa mia na mbili.

Naapa hakuwa akijua. Mganga hajigangi, na muuguzi wetu hakukumbuka lini mara ya mwisho aliuweka mkanda ule kwenye mkono wake mwenyewe. Nilimwona akitazama namba zile, na nilimwona akiamua kutozificha.

“Hii ni yangu,” akasema. “Mimi ninayewasumbua. Ni mbaya, na naiogopa. Kesho naenda kwa daktari. Nani anafuata?”

Jiko lilikuwa likivuma. Kisha Mama Yone akasogea mbele kwa magoti.

“Mia themanini na nne,” akasema. “Kwa mia na sita. Tangu vuli.”

“Mama Yone, wewe pia?” mtu akauliza nyuma.

“Mimi pia. Na wewe usijifanye, nilikusikia ukiitukana mashine yako kupitia ukutani.”

Watu wakacheka, na kicheko kile kilifungua mlango. Mia sabini na mbili. Mia hamsini na tano. Mia na sitini, lakini mwaka jana ilikuwa zaidi. Bibi mmoja alilia akitaja yake, na jirani yake akamwambia, “Nyamaza, yangu inaizidi.” Adabu ya Tochizawa ilikuwa ileile, haikubadilika hata kidogo. Ila sasa aliyekuwa mbele ni Nesi, mwenye mia sitini na nane, na kila mtu aliona ni heshima kutomwacha peke yake. Zamu ilipomfikia Mzee Oikawa, maskini, uso ulimwiva.

“Niwieni radhi sana,” akasema. “Mimi bado ni mia na ishirini na sita.”

Alisamehewa.

Wiki ile nilipeleka watu kliniki hadi gari likaomba matengenezo. Zaidi ya nusu ya wazee wa Tochizawa walianzishiwa dawa au kubadilishiwa, na Mama Yone alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Bi Kinue aliwaomba wakubwa wachukue cheti chao, wakakataa kwa kuwa hawakuwa na utaratibu wa kupokea cheti kinachorudishwa. Kwa hiyo aliyafanya mengine. Aliwashawishi wakinamama wajaze bakuli la supu mboga nyingi na mchuzi kidogo, wakate figili vipande vyembamba kiasi cha kumwona mgeni upande wa pili, waweke jiko dogo la kupasha joto kwenye vyumba vya kuvulia nguo kabla ya kuoga. Mzee Tokuji alijifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Maneno yake yalinyooka polepole, na neno la kwanza lililonyooka kabisa lilikuwa la kubisha. Siwezi kuandika kwamba kiharusi kimekwisha Kamihata, maana hakijaisha. Lakini Tochizawa haijampoteza mtu kwa kiharusi tangu majira yale ya baridi, na tunajua nani wa kushukuriwa.

Sasa nije kwenye Jumanne iliyopita, ambayo Bi Kinue aliniomba nisiiandike. Ameniomba mengi katika miaka ishirini na miwili, na nimemtii kwa karibu yote.

Ilikuwa Jumanne yake ya mwisho kama mtumishi. Ukumbi ulijaa. Yalikuwepo maua, ilikuwepo keki iliyotoka mjini, na Mzee Oikawa alikuwa amevaa suti. Kama ilivyo desturi tangu siku ile, Nesi ndiye anayeanza.

“Mia na thelathini na mbili kwa themanini,” Bi Kinue akasema, na kutabasamu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Yone, ambaye sasa ana miaka themanini na moja na hana haraka na jambo lolote, aliinuka, akachukua mashine, akaja akapiga magoti mbele yake. Akamkunjia mkono wa sweta yeye mwenyewe, akamfunga mkanda.

“Yone, acha, keki itakauka,” Bi Kinue akasema.

“Usiongee wakati wa kupima.”

Mashine ikavuta pumzi. Mia hamsini na nane kwa tisini na sita.

“Nilikuwa nakimbiakimbia,” Bi Kinue akaanza kueleza. “Kukabidhi kazi, mafaili, na dawa ziliniishia Januari, sikupata nafasi ya kwenda kuchukua nyingine. Nikasema nitakwenda nikishastaafu. Leo ni sherehe yenu. Sikutaka kuwaharibia.”

Mama Yone alikuwa bado ameushika mkono wake.

“Tokuji naye hakutaka kukuharibia cheti,” akasema.

Bi Kinue alilia hapo, mbele ya watu wote, kwa sauti. Mzee Tokuji alimsogezea kitambaa kwa mkono wa kushoto na kumwambia kwamba kwa umri wake, ukiongeza tisini, hajazidi sana. Bi Kinue akacheka na kulia kwa pamoja. Mama Yone akamweleza utaratibu mpya. Jumanne ijayo Nesi mpya, binti aliyetoka chuoni, atakaa pale mbele. Yeye Kinue atapanda Tochizawa kama kawaida, lakini atakaa huku kwao, kwenye duara, na zamu ikimfikia atataja namba yake kama mtu mwingine yeyote.

“Sawa,” Bi Kinue akasema. Ni neno fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akilisema.

Bi Kinue, kwa niaba ya Idara ya Afya, ya kitengo cha magari, na ya watu wengi wanaotembea leo kwa miguu yao miwili bila kujua kwamba ni kwa sababu yako, tunakushukuru. Umetupima wote, sasa ni zamu yetu. Nimekuombea nafasi kwa daktari Alhamisi asubuhi, na gari litakuwa mlangoni kwako mapema. Hilo halitoki kwenye bajeti ya halmashauri, ni gari langu. Tunakutakia miaka mingi yenye afya, majirani wema na usingizi wa kutosha. Na daktari akikuuliza hujambo, tunakusihi, usimjibu sijambo kwa adabu.